Mrejesho: kagemu kangu ka mipira kugongana

Wakuu nimerudi. Niliuliza mbona mipira kwenye kagemu kangu ka bure ikigongana inagandana afu inatetemeka kama ina homa. Aliyesema niangalie kama inasogeleana au inaachana alipiga mulemule, kumbe freimu (picha moja moja ya gemu) ya kwanza programu inageuza mwendo fresh, freimu inayofuata bado imepandiana kidogo inageuza tena, ndo inarudishana ndani. Sasa naitenganisha kwanza, kila mmoja unarudi nusu ya pale ilipopandiana, na kama tayari inaachana siigusi. Ya uzito sawa ikigongana uso kwa uso inabadilishana mwendo kama goroli, kama iliyogongwa ilikuwa imetulia, iliyogonga inasimama, iliyogongwa inachomoka, tamu hiyo! Mpwa wangu jana kacheza mpaka laptopu ikazima chaji. Bado sauti tu, ikigongana mingi pamoja inakwaruza masikio.