Huu ni mwangati au saiprasi? Shamba liko Shume, Lushoto

Mshume
Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada, kwenye shamba la marehemu babu huku Shume kuna mti mrefu sana umenyooka, magome yanabanduka vipande virefu vyembamba, majani ni madogo kama magamba yamebana kijiti, ila hauna tunda hata moja. Baba mdogo anasema ni saiprasi tu, anataka auangushe apate mbao za kupaulia, mimi nahisi ni mwangati na roho inaniuma kweli. Natofautishaje?

Bwana Miti
Mkuu kutokuwa na tunda kusikutishe, mwangati kwa kawaida una mti dume na mti jike, na jike ndio linazaa, vitunda laini havifiki hata sentimita moja, bluu ya kukolea na juu vina unga mweupe ukisugua unatoka. Saiprasi mti mmoja una vyote, na vikoni vyake, yaani matunda yake yanayobeba mbegu, ni vigumu vya mbao vinapasuka halafu vinang'ang'ania kwenye matawi miaka na miaka. Angalia juu, pekua na chini kwenye majani makavu, saiprasi mkubwa hakosi vikoni vikavu pale.

dada_wa_Lushoto
Naongezea, tafuta miche iliyojiotea jirani. Mwangati mchanga majani yake ni sindano zinachoma kabisa, yale magamba yanakuja mti ukikua. Na kama kuna tawi kavu limeanguka lichonge, moyo wake ni mwekundu wa kahawia na unanukia penseli mpya, maana penseli zilitengenezwa kwa mbao hizi hizi.

Mshume
Nimepekua chini hakuna kikoni hata kimoja! Na tawi linanukia hasa.

Bwana Miti
Basi huo ni mwangati, dume. Mwambie baba mdogo saiprasi asili yake Mexico na inakua haraka, apande hiyo ya mbao, huo wa kwenu ni wa asili na unakua taratibu mno. Wajerumani kabla ya vita ya kwanza walivuna sana mwangati hapo hapo Shume, mbao zikashushwa kwa waya mpaka relini Mkumbara, kwa hiyo mkubwa kama huo uliobaki ni wa kuulinda. Akikazana sana mwambie aanze kwa afisa misitu wa wilaya aulizie kibali, na wewe mtafute jike msituni uchume mbegu, ila uvumilie, zinachelewa kuota.