Mustang ya 1966, injini 289: nifunge supachaja kwa gari la kila siku?

mtu_wa_aurora
Wakuu, salaam. Nipo Aurora, Colorado, pembeni ya Denver. Nina Ford Mustang ya 1966, injini ni 289 (inchi za ujazo) yenye kabureta ya matundu mawili, ile waliyoiandika nguvu ya farasi 200, gia otomatiki C4. Hili ndilo gari langu la kazini, si la kuoshwa Jumapili na kupigwa picha. Asubuhi na jioni niko nalo barabara kuu ya I-225, wikiendi napanda nalo milimani kwa I-70. Huko ndiko linakonitia aibu. Kuelekea Eisenhower Tunnel nakanyaga mpaka mwisho na bado malori yananipita.

Nimeona supachaja (pampu inayosukumia injini hewa zaidi) ya kampuni ya Paxton, iliyotumika, jamaa anataka dola 1,800 pamoja na puli na vishikizo vyake. Kampuni ya Shelby waliiuza kama nyongeza kwenye Mustang yao ya GT350 ya mwaka huohuo wa 1966, kwa hiyo si kitu kigeni kwa 289. Injini yangu haijafunguliwa kwa ninavyojua, haitoi moshi. Itadumu kwa matumizi ya kila siku? Halafu Desemba huwa nashuka nalo Houston kwa dada.

kisu_butu
Uza hilo chuma, nunua Mustang mpya, endesha na AC. Utanishukuru.

mtu_wa_aurora
Kisu, siuzi. Wengine?

fundi_wa_tanga
Mdogo wangu, mimi niko hukohuko Houston unakoshukia kwa dada, na injini za Ford ndizo zinazonilisha. Usimsikilize Kisu.

Tatizo lako la kwanza ni hewa. Usawa wa bahari hewa inasukuma kwa psi 14.7 (ratili kwa inchi ya mraba), hapo kwenu kama 12 tu. Karibu moja ya tano ya nguvu imeshaondoka kabla hujatoka nyumbani, na ukifika kwenye handaki, mita 3,400 juu, imeondoka karibu theluthi. Tena hizo farasi 200 zilipimwa injini ikiwa mezani, bila mafla wala mzigo wowote. Kwa hiyo hapo ulipo supachaja si anasa, inakurudishia kilichochukuliwa na mlima.

Sasa tazama hesabu. Paxton inayotoa psi 6 huku pwani, kwako itatoa kama 5. Jumla ndani ya manifoldi ni 17, yaani umezidi injini ya kawaida ya Tanga kwa psi 2 na kidogo tu. Uwiano wa kompresheni wa 289 yako ni 9.3 kwa 1, petroli ya oktani 91 inatosha. Usije ukashawishiwa kuweka puli ndogo ili upate zaidi, pistoni zako ni za chuma cha kumimina, si cha kufua, hazitavumilia.

Mtego uko Houston. Ukitega jeti za kabureta (vitundu vinavyopima petroli) kwa hewa ya Denver, ukashuka huku, hewa inakuwa nzito, supachaja nayo inasukuma zaidi, petroli inabaki ileile. Mchanganyiko unakuwa mkavu, injini inaanza kugonga (petroli inalipuka ovyo ndani ya silinda), na kwa kelele za ekzosi zako hutasikia kitu. Utakuja kujua siku pistoni imemeguka pale zinapokaa ringi. Tega jeti kwa ajili ya pwani, huko juu ukubali kula mafuta zaidi kidogo. Au tembea na seti mbili, ubadilishe ukifika kwa dada kabla hata ya chai. Na funga geji ya kusoma mchanganyiko kwenye ekzosi. Hiyo hatubishani.

Pampu ya mafuta ya asili inatoa kama psi 5. Kabureta ikiwa ndani ya presha ya psi 5, petroli itaingiaje? Unahitaji pampu ya umeme na regyuleta inayopandisha presha kadiri supachaja inavyopandisha. Fungua pia kabureta uangalie boya: la shaba lenye uwazi ndani linaweza kubonyea likishindiliwa hewa, weka la povu gumu. Plagi punguza mwanya uwe kama milimita 0.7, la sivyo cheche inazimwa na upepo. Na utafute boksi la cheche la kampuni ya MSD, linalorudisha taimingi ya cheche nyuma presha inapopanda.

Breki je? 1966 ina master silinda (pampu ya breki) ya njia moja. Paipu moja ikivuja, pedali inalala chini na magurudumu yote manne hayana kitu. Weka ya njia mbili kabla ya yote, hata kama supachaja hununui.

mkikuyu_wa_kirinyaga_road
Hapa Nairobi tuko juu karibu sawa na Denver, kwa hivyo naelewa hiyo shida. Lakini wenye kutengeneza gari na supachaja hawakuweka tu hivyo. Toyota kwa ile Crown ya injini ya 1G-GZE walishusha kompresheni, wakaweka intakula (kipoza hewa), na klachi ya umeme ndiyo unapoendesha polepole supachaja ilale. Yako itazunguka hata kwa jam. Angalia rejeta mapema, ndugu.

fundi_wa_tanga
Kweli kabisa. Mustang nyingi zisizo na AC hazina hata kava ya feni. Funga kava na rejeta ya safu tatu.

Ila kwanza pima kompresheni silinda zote, injini ikiwa ya moto, kabureta wazi.

mtu_wa_aurora
Kaka, shikamoo. Nimepima leo. Silinda saba ziko kati ya psi 125 na 130. Namba 6 ni 95.

fundi_wa_tanga
Marahaba. Tia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi la namba 6, pima tena.

mtu_wa_aurora
95 vilevile.

fundi_wa_tanga
Basi si ringi, ingepanda. Ni vali, au gasketi imeanza kuvuja hapo. Vua hedi zote mbili, zipelekwe kusagwa na kukalishwa vali, ndipo tuzungumze supachaja. Hiyo 95 ukiisukumia upepo, utaunguza vali kabisa.

Jamaa wa Paxton mwambie akuoneshe ikizunguka kwa mkono. Hizo za zamani ndani hazina meno, zinazungushwa na golori zinazobanana, na zina oili yake peke yake. Mwombe amwage kidogo kwenye kitambaa cheupe. Ukiona vumbi la chuma linameta, mwachie na dola 1,800 zako zirudi mfukoni.

kisu_butu
Au mpya, na AC.