Tupeane uzoefu: Daftari la mazingira la familia, vifaa, vipimo na namna ya kulifanya lisife

Mwanzisha mada

Habari zenu wakuu. Uzi huu ni wa wanaotunza daftari la mazingira pamoja na watoto: ndege, wadudu, miti, mvua, nyota, chochote kinachoonekana nyumbani. Kwamba ni jambo jema kwa watoto tunajua, tusilirudie. Tuambizane unanunua nini, unapima vipi, na wapi huwa panaharibika.

Naanza. Daftari liwe moja kwa familia nzima, si kila mtoto na lake. Likiwa moja, mdogo anachora, mkubwa anaandika, mzazi anasoma kipimo, na mmoja akisafiri kazi haisimami. Kaunta buku ya kwaya 2 inatosha: kurasa 192 na jalada gumu linaloandikika hata ukiwa umesimama. Andikeni kwa penseli ya HB, kwa sababu peni ya jeli ikipata tone la maji maandishi yote yanachuruzika. Penseli ifungwe kwa uzi kwenye jalada, na daftari litundikwe kwenye msumari karibu na mlango wa nyuma. Likiingia kabatini limesahaulika.

Kabla ya mchoro, andikeni vitu vinne: tarehe, saa, mahali, hali ya hewa. Kwenye saa kubalianeni mapema. Mtoto anasema saa 1 asubuhi, simu inasema 7:00, na mwezi ukiisha hamjui kama bundi alilia saa 1 usiku au saa 7 usiku. Chagueni mfumo mmoja, muuandike ukurasa wa kwanza.

Ndimu Kali

Naunga mkono, ila msianze na mazingira yote kwa mpigo. Anzeni na mti mmoja. Kama kuna mlimau au mdimu, hata mche ulio kwenye kopo, mmeshapata kazi ya wiki kadhaa.

Tazameni majani machanga, yale laini yaliyochipua juzi. Kipepeo wa milimau, *Papilio demodocus*, yule mweusi mwenye mabaka ya manjano, hutaga hapo yai mojamoja. Ni la mviringo, manjano mpauko, upana wake milimita 1 hivi. Mkiliona fungeni uzi mwekundu kwenye kijiti hicho hicho, la sivyo kesho mtalitafuta bure. Kiwavi akitoka ana rangi ya kahawia iliyokoza na baka jeupe, ukimtazama utadhani kinyesi cha ndege, na hiyo ndiyo kinga yake. Akijivua ngozi mara ya mwisho kabla ya kuwa pupa anageuka kijani, na urefu unafika sentimita 4 hadi 5. Hapo mguseni mgongoni taratibu kwa ncha ya jani: nyuma ya kichwa zinachomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa, zinatoa harufu kali, kisha zinarudi ndani. Mtoto aliyekuwa hataki kuchora ataomba penseli mwenyewe.

Msimshike ili kumpima. Laza rula sambamba na jani, soma, andika urefu na idadi ya majani yaliyoliwa tangu jana.

Kinachowaua wengi ni chupa yenye kifuniko: mvuke unajaa ndani, kinyesi kinaota ukungu, kiwavi anaoza. Ukitaka kumfuga ndani, simamisha kijiti kwenye chupa ya maji, ziba mdomo wake kwa pamba asije akatumbukia, kisha funika vyote kwa kitambaa cha neti. Tafadhali kisiwe kipande cha chandarua chenye dawa, kwa kuwa dawa hiyo inaua wadudu wote, na yeye yumo. Majani yabadilishwe kila siku, na yawe ya jamii ya limau tu. Ukimpa ya mwembe atakufa njaa huku amezungukwa na chakula.

Pupa ikibadilika rangi halafu ikabaki na kitundu kidogo, bila kipepeo kutoka, kuna vinyigu vilikua ndani yake. Hilo nalo liandikwe na lichorwe. Watoto wajue kwamba si kila yai linafika mwisho.

Masika

Mimi niko upande wa mvua. Chupa ya plastiki ya lita 1.5 yenye ubavu ulionyooka, isiyo na kiuno. Kata pale shingo inapoanza kupanuka ikawa bomba sawa, pindua kipande cha juu kiingie ndani kama faneli. Kitako cha chupa kina mabonde, kwa hiyo ukipima kuanzia chini kabisa utapata uongo. Weka kokoto, jaza maji hadi ubavu unapoanza kunyooka, chora mstari: hiyo ndiyo sifuri. Bandika rula kuanzia hapo.

Chupa iwe mahali pa wazi, mbali na ukuta au mti angalau mara mbili ya urefu wa ukuta au mti huo, na mdomo uwe sentimita 30 au zaidi kutoka chini, maana matone yanayoruka toka ardhini huingia. Soma kila siku saa 3 asubuhi, ndiyo saa ya vituo vya hali ya hewa vya ukanda wetu. Mwaga, rudisha maji kwenye mstari wa sifuri. Hata siku kavu angalia huo mstari, kwa sababu jua hunyonya maji na sifuri inashuka.

Jambo ambalo familia nyingi hukosea: siku isiyo na mvua andika 0. Siku ambayo hamkusoma weka kistari. Ukiacha wazi zote mbili, mwisho wa vuli huwezi kutofautisha ukame na uvivu. Na mkubwa afundishwe hesabu hii: milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwenye kila mita ya mraba. Apime bati la nyumba, apige hesabu ya maji yaliyomwagika bure.

Pembeni ya namba acheni safu ya "kilichotoka": kumbikumbi, jongoo, konokono, vyura. Baada ya misimu miwili safu hiyo ina thamani kuliko picha zote.

Mwana wa Bamvua

Kwa tulio pwani, safu ya kwanza iwe ya mwezi. Bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, au siku moja mbili baadaye, na kwa pwani yetu maji hupwa sana mnamo saa 4 asubuhi. Siku hizo ndizo za kushuka miambani na watoto. Maji mafu, yanapopwa kidogo tu, hamtaona kitu, msijichoshe. Kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi, na mtoto wa darasa la tano anaweza kukisia ya kesho kisha akaenda kuhakikisha.

Viatu ni lazima. Jiwe lililogeuzwa lirudishwe lilivyokuwa, walioko chini yake watakauka. Makombe yaachwe palepale, yana wapangaji: kaa wa makombe akikua anahitaji nyumba kubwa zaidi. Chora, pima, ondoka kabla maji hayajaanza kujaa nyuma yenu.

Mjukuu

Shirikisheni bibi na babu, hasa kwenye majina. Andika jina kama linavyotamkwa, lugha yake na sehemu linakotumika, halafu acha mstari mtupu kwa jina la kitaalamu. Programu ya simu inaweza kulijaza baadaye, ila jina la Kizigua au la Kipare la mti ule unaweza usilipate humo.

Wazee pia wana kalenda ya Kilimia, lile kundi dogo la nyota. "Kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua." Kitafuteni magharibi jioni mwezi Aprili, andikeni siku ya mwisho kuonekana, kisha mashariki alfajiri kuanzia Juni. Mkiwa na vipimo vya mvua vya ndugu Masika, msemo huo mnaweza kuupima wenyewe.

Mwanzisha mada

Asanteni sana. Vipi wa miaka minne au mitano, asiyejua rula?

Shubiri

Ana mkono. Apime kwa wanda (upana wa kidole), shubiri (kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimetanuliwa) na dhiraa (kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati) zake. Kila likizo mpime shubiri yake kwa rula muandike, maana inakua, na bila hiyo hesabu za mwaka jana hazisomeki. Unene wa mti zungusha kamba kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, weka alama ya rangi kwenye gome ili mwakani mpime palepale. Na mchoro wake usisahihishwe. Mwulize "ana miguu mingapi?" arudi kuhesabu.

Mkwaju

Majani makavu kwa ufupi: weka kati ya magazeti, juu yake tofali, badilisha magazeti kila siku kwa siku nne za mwanzo. Pwani ukiyaacha wiki nzima bila kubadilisha yanaota ukungu. Msibandike kwa uji wa unga, mende wataula pamoja na ukurasa. Shoneni kwa uzi. Rangi ya ua iandikwe likiwa bichi, ikikauka hubadilika. Ndani ya hifadhi msichume chochote.

Kabla ya kuwaachia watoto uwanja, mtu mzima awaonyeshe upupu, utomvu wa mnyaa unaochoma macho, mbegu za mbarika ambazo ni sumu, na viwavi wenye manyoya. Hivyo vichorwe ukurasa wa pili wa daftari, kwa penseli nyekundu.