Mada: Wamekataa kumfanyia mwanangu tathmini ya EHCP (mpango wa msaada wa elimu, afya na huduma kwa mtoto mwenye mahitaji maalumu, huku Uingereza)

MAMA K.
Hamjambo ndugu zangu. Leo asubuhi nimepokea barua ya kaunsili: wamekataa. Sababu yao ni kwamba shule imesema darasani ametulia na anajimudu. Ni kweli ametulia. Anajibana kutwa, tukifunga mlango wa nyumbani tu analipuka. Anavua sare yote kwa sababu mshono wa soksi unamchoma, anaziba masikio, analia chini ya meza mpaka sauti inakauka. SENCO, mwalimu anayesimamia mahitaji maalumu shuleni, hajawahi kuyaona hayo. Swali langu ni moja: kwenye rufaa, maelezo ya mzazi naweza kuyaandika kwa Kiswahili wao wakatafsiri? Kiingereza cha kazini ninacho, lakini hili nikilisema kwa Kiingereza linakuwa dogo.

BABA PACHA
Pole sana dada. Sisi tulikataliwa kwa maneno hayohayo. Usipoteze muda na barua ya malalamiko. Piga simu kwa mshauri wa usuluhishi, chukua cheti chake, kisha jaza fomu ya rufaa, SEND35A. Una miezi 2 tangu tarehe ya barua au mwezi 1 tangu cheti, utakaochelewa zaidi ndio wako. Nasema tarehe iliyoandikwa kwenye barua, siyo siku uliyoipokea! Na sheria ya Uingereza ya 2014 ya watoto na familia, kifungu cha 36(8), inauliza mambo mawili tu: kama mtoto ana au huenda ana mahitaji maalumu, na kama huenda ikabidi apewe msaada kwa mpango huo. Kutulia hakumo. Mke wangu aliandika daftari wiki 3: saa, kilichotangulia, kilichotokea, alichukua muda gani kupoa. Daftari lile ndilo lililotubeba.

MJOMBA
Wanangu, kuweni waangalifu. Mwenye NRPF kwenye viza, yaani asiyeruhusiwa fedha za umma, asiguse fomu yoyote ya msaada, atakuja kujuta siku ya kuongeza viza. Ugonjwa huu wa usonji (autism) umetupata wengi, tusije tukaongeza matatizo mengine.

DADA WA USKOTI
Shikamoo Mjomba, lakini hapo unawatisha watu. EHCP ni elimu, haihesabiwi kuwa fedha za umma. DLA, posho ya ulemavu, ndiyo inahesabiwa. Kuna mzazi atasoma ujumbe wako amnyime mtoto haki yake. Na usonji si ugonjwa, tumeshasemezana hili. Jingine: mnaandika "Uingereza" kama nchi moja. EHCP ni ya England peke yake. Huku Uskoti mpango wetu unaitwa CSP, Wales wana wao, IDP.

BABA PACHA
Barua yake inasema EHCP, dada. Ni wazi yuko England.

DADA WA USKOTI
Hasomi yeye peke yake.

MAMA WATATU
Mama K., omba ripoti ya OT (mtaalamu wa tiba ya shughuli za kila siku) inayochambua hisi moja moja. Wangu wawili wote wana usonji na hawafanani: mmoja sauti ya kikausha mikono chooni inamkimbiza, mwenzake anatafuta kishindo, anajigonga ukutani ili auhisi mwili wake. Mkiupata mpango, kagueni Sehemu F, inayotaja msaada wa elimu atakaopewa mtoto. Iseme nani, mara ngapi, dakika ngapi. "Atapewa fursa ya kupumzika" haimbani mtu yeyote.

Na lugha, kwa kuwa umeigusa. Mtaalamu wetu wa kwanza alitushauri tuache Kiswahili nyumbani, eti kinamchanganya mtoto. Tukatii, miaka 2. Mama yangu akipiga simu mtoto anamtazama tu. Baadaye mwingine akatuambia utafiti haujaonyesha kwamba lugha mbili zinamdhuru mtoto mwenye usonji. Mama hakuisubiri siku hiyo, alishafariki. Msikubali ushauri huo, nawasihi.

MJOMBA
Pole mwanangu. Dada, nimekuelewa kuhusu viza, nilisema kwa hofu. Mjukuu wangu hapendi kushikwa, na kila nikipiga nyumbani naulizwa kwa nini hanipi mkono, kwani hatukumfunza adabu? Nimewaeleza miaka mingapi sasa. Wananiambia nimemdekeza. Mtoto mwenyewe hunisalimia kwa kuja kukaa kwenye zulia, karibu na miguu yangu, bila kunigusa. Hilo simu haiwezi kuwaonyesha.

BABA PACHA
Mjomba, hiyo ni salamu kamili.

Nami niseme jambo. Sisi raia wa Jumuiya ya Madola tunaoishi hapa kihalali tunapiga kura, hata bila pasipoti yao. Wangapi humu mmejiandikisha? Madiwani ndio wanaoamua bajeti ya kaunsili, na hawajawahi kuulizwa na mzazi wa kwetu hata mmoja kuhusu foleni za tathmini. Mwaka jana nilikwenda kwenye kikao chao, nilikuwa peke yangu.

MAMA WATATU
Kura tutapiga. Watoto wanakua sasa hivi.

DADA WA USKOTI
Na diwani haruhusiwi kubadili kipimo cha sheria, tafadhali. Hilo ni la bunge.

MAMA K.
Asanteni wote, nimesoma nikilia. Daftari nimelianza usiku huu. Baba Pacha, nimeitazama tena barua: imeandikwa tarehe 3, na leo ni 19. Kuhusu kuandika kwa Kiswahili, kuna aliyewahi kufanya hivyo?