Umewahi kuuza nyumba ukiwa na mbwa au paka? Tupeane uzoefu

Mwalimu wa Kiamunyi (Nakuru)
Wadau, nyumba yetu hapa Kiamunyi iko sokoni. Vyumba vitatu, tangi la maji, hati miliki safi. Shida ni wakaaji wengine: mbwa wawili wakubwa na paka mzee. Ajenti anasema wateja wamefika getini, wakasikia mbwa, wakageuza gari bila hata kupiga honi. Mke wangu anataka mbwa wapelekwe ushago Molo hadi tuuze. Mimi naona nyumba iliyotangazwa kila mahali halafu haina mbwa ni kuwakaribisha wezi. Waliopitia haya waseme walifanyaje. Nadharia ninazo za kutosha, ajenti amenijaza.

Omera wa Riat (Kisumu)
Mwalimu, mbwa wasiende ushago. Waondoke saa ya kuonyesha tu. Sisi tulikubaliana na ajenti kwamba haleti mtu bila kupiga simu siku moja kabla, na simu ikija shemeji anawapakia kwenye pikapu anawatembeza hadi mgeni atoke. Kuwafunga nyuma ya nyumba hakusaidii: mteja atataka kuona nyuma, na mbwa aliyefungwa akisikia sauti ngeni ndipo anapiga kelele zaidi. Kibao cha MBWA KALI nilikiacha getini. Watu wa huku wanapenda kujua ulinzi upo, hawapendi tu kukutana nao ana kwa ana. Kuna mteja hata aliniuliza kama mbwa wanauzwa na nyumba.

Lakini usidhani kubweka ndiyo shida kubwa. Paka wetu alikuwa na kona yake ya kukojoa kwenye chumba cha wageni, na hakuna aliyejua kwa sababu pua zetu zilishazoea. Mkojo wa paka una asidi ya yuriki, inakauka na kuwa fuwele ambazo maji na sabuni haziziondoi. Ukipiga deki leo unasikia harufu ya sabuni, kesho hewa ikiwa nzito kabla ya mvua, na unajua unyevu wetu wa ziwani, harufu inaamka upya. Sakafu ya simenti nayo ina vitundu, inanyonya kabisa.

Tulimwita jirani asiyefuga chochote, tukamwomba apite kila chumba na atuseme bila huruma. Alisimama mlangoni tu akataja kona. Ndipo nikatafuta dawa ya kusafishia yenye vimeng'enya, ile inayovunja mkojo wenyewe badala ya kuufunika kwa manukato. Mwagia, acha ilowe kwa saa kadhaa kama karatasi ya maelezo inavyosema, ikauke yenyewe. Ukiisuuza upesi umetupa pesa. Kapeti tuliitoa nje moja kwa moja, haikuwa na maana kuipigania.

Fundi Rangi, Section 58
Omera amesema kweli. Naongeza ya kazi yangu. Watu huniita nipake emalshoni (rangi ya maji) juu ya ukuta uliokojolewa, mwezi haujaisha madoa ya manjano yametokea tena. Osha kwanza, ukauke, kisha praima ya mafuta ya kuziba, halafu ndiyo rangi. Milango iliyokwaruzwa na kucha: jaza pati, piga msasa, vanishi mpya. Kazi ndogo, lakini mnunuzi akiona makwaruzo anaanza kukagua kila kitu.

Na tafadhali msimwage dawa ya klorini juu ya mkojo. Mkojo una amonia, na vikikutana vinatoa moshi wenye sumu. Kwenye choo kisicho na dirisha unaweza kuzidiwa.

Bint Mumias
Mimi naandika kutoka upande wa mnunuzi. Familia yetu ilipotafuta nyumba Kisumu, swali la kwanza la baba lilikuwa mbwa analala wapi. Kwetu Waislamu wa madhehebu ya Shafi, mahali mbwa aliyelowa amegusa au mate yake yamedondoka panaoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yenye udongo. Hatukukataa nyumba kwa sababu ya mbwa. Tulikataa moja kwa sababu mwenye nyumba alituapia kwamba mbwa haingii ndani, na manyoya yalikuwa kwenye kochi. Nyumba tuliyonunua, mzee alituonyesha kibanda cha mbwa na kusema wazi kwamba huwa anaingia hadi jikoni. Tukaosha, yakaisha. Kwa hiyo Mwalimu, ukiulizwa, jibu kama ilivyo.

Dada wa Naka (Nakuru)
Viroboto! Mbona hamvitaji? Jirani alihama na mbwa wake, nyumba ikakaa tupu. Mteja alipoingia na watoto, viroboto vikawarukia miguuni. Kiroboto mchanga hukaa ndani ya kifukofuko chake hata miezi akingoja, akihisi joto na mtikisiko wa hatua anatoka. Nyumba kuwa tupu si kuwa safi. Fagia na nyonya vumbi kwenye nyufa zote, fua malazi ya mbwa kwa maji moto, tibu mnyama mwenyewe.

Sisi wa Nakuru tumekulia pareto, yale maua ya kutengenezea dawa ya wadudu, tunaiamini. Ila jihadharini na dawa za mbwa zenye pemethrini, ile ya kiwandani inayoiga pareto: kwa paka ni sumu, inaweza kumuua. Mwalimu, una wote wawili, kwa hiyo muulize daktari wa mifugo kabla ya kupaka kitu.

Karani wa Mawakili (Kisumu)
Mkataba wa kawaida: asilimia 10 unalipwa mwanzo, na kumalizia ni kama siku 90. Katika hizo siku bado unaishi humo na wanyama wako, na mnunuzi atarudi kupima mapazia. Kwa hiyo usilegeze mpango wa mbwa baada ya kutia sahihi. Siku ya kukabidhi, nyumba inatakiwa iwe tupu, na mbwa aliyeachwa uani amewahi kuleta barua za mawakili. Mnunuzi akimtaka abaki, iandikwe kwenye mkataba, pamoja na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Hiyo chanjo iwe hai hata wakati wa kuonyesha nyumba.

Mwalimu wa Kiamunyi
Asanteni. Mke wangu amesoma yote, sasa anasema mbwa wabaki ila mimi ndiye nitakayewatembeza. Jirani wa kunusa nimempata, ni mkali kuliko mbwa. Na huyu paka mzee, tukihama?

Shangazi wa Lurambi (Kakamega)
Mfungie ndani ya nyumba mpya wiki mbili au tatu, na blanketi lake la zamani usilifue. Wa kwangu nilimwachilia mapema. Aliyenunua nyumba yangu ya zamani alikuwa ananipigia kila jioni: "Mama, mgeni wako amefika."