Tupeane uzoefu: Tekno ilikushika wapi kwa mara ya kwanza?

Mleta mada, Berlin:
Wakuu, heshima kwenu. Najua wapenzi wa tekno, muziki huu wa kudansi unaotengenezwa kwa mashine, humu ni wachache, ila tupo. Kila nikirudi Tanga likizo ndugu zangu huniuliza nitaacha lini "makelele ya Wazungu". Hilo neno linaniuma, kwa sababu walioanzisha tekno ni vijana weusi wa Marekani. Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson walisoma pamoja Belleville, nje kidogo ya Detroit. Usiku walikesha na redio wakimsikiliza mtangazaji aliyejiita The Electrifying Mojo, mtu aliyeweza kupiga Kraftwerk, bendi ya Wajerumani, akaunganisha na bendi ya funk ya Parliament, kisha Prince. Mwaka 1985 Atkins akaanza kutoa santuri kwa jina la Model 500, kwenye lebo yake mwenyewe, Metroplex.

Mimi ilinishika Tresor hapa Berlin. Klabu ilifunguliwa Machi 1991, Ujerumani imetoka tu kuungana, ndani ya chumba cha chini kilichokuwa cha kuhifadhia fedha cha duka kubwa la Wertheim. Siku hizi imehamia kwenye jengo la mitambo ya zamani ya umeme. Unashuka ngazi, moshi mzito, taa inawaka na kuzima, na DJ humuoni mpaka umkaribie kabisa, tena yuko nyuma ya nondo. Besi inakuingilia miguuni kabla ya masikioni. Na santuri ya kwanza ya lebo ya Tresor ilikuwa ya akina Mike Banks na Jeff Mills wa Detroit. Kwa hiyo hata Berlin walijifunzia kwa watu weusi. Haya, leteni zenu.

Mdau wa Michigan:
Mkuu umenigusa. Huku kila mwisho wa Mei watu hujazana kwenye tamasha la tekno pale Hart Plaza, uwanja wa jijini Detroit kando ya mto Detroit; ng'ambo unaiona Windsor ya Kanada. Tamasha lilianza mwaka 2000 na mwanzoni kuingia kulikuwa bure. Kilichonishika mimi ni wazee. Babu wa watu, kofia kichwani, viatu vimeng'arishwa, anacheza kwa miguu tu, mabega yametulia, na wajukuu wamemzunguka wanamtazama.

Nilizungumza na mmoja wao. Alikuwa akienda Music Institute, klabu ya mwaka 1988 mtaa wa Broadway, hapo hapo Detroit. Pombe haikuuzwa, ulikwenda kucheza mpaka asubuhi, basi. Nikamtajia yale yanayosemwa kila siku, kwamba tekno ni kilio cha viwanda vya magari vilivyokufa. Hakupenda. Akasema wao walikuwa wanafunzi wa sekondari wanaojipenda, wenye vikundi vyao vya kuandaa dansi, wanaovaa mitindo ya Kiitaliano na kushindana nani ana santuri mpya. Waliwaza mbele, siyo nyuma. Tangu siku ile nikisikiliza Model 500 nasikia furaha ambayo sikuwa nikiitafuta.

Mdau wa Tandale:
Mimi Ulaya sijafika na tekno nimeijia kwa mlango mwingine. Nimekulia kwenye vigodoro: turubai limefungwa mtaani, spika zimepangana hadi juu, na singeli inakimbia midundo 200 kwa dakika na zaidi, nyingine inagonga 300. Rafiki yangu akanitumia seti ya Jeff Mills. Kwa kasi niliiona ya pole pole, lakini nikatambua kazi: kipande kimoja kinazungushwa, kinaongezwa kitu kidogo, kinapunguzwa, na wewe huwezi kukaa.

Naomba tu tusichanganye. Singeli haikutoka kwenye tekno. Imetoka kwenye mchiriku na taarab, uswahilini kwetu. Pale studio ya Sisso, Mburahati, ni kompyuta ya kawaida na vijana wanaokata vipande na kuvikimbiza. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala wakatoa mkusanyiko wa nyimbo za vijana hao, na tangu hapo madijei wetu wanaitwa kwenye matamasha ya tekno Ulaya. Wanaingia kwa jasho lao.

Mdau wa Nairobi:
Hamjambo. Mimi ni DJ, na niseme wazi, tekno ilinishika nikiwa nafanya mazoezi, hata klabu sikuwa nimeingia. Binamu yangu alikuwa na Technics 1200 mbili, zile mashine za kupigia santuri. Sikio moja liko kwenye hedifoni, lingine liko wazi, kidole kwenye kile kitelezi cha kasi chenye asilimia 8 juu na 8 chini. Midundo miwili inakimbia kama farasi wasiojuana. Unasukuma kidogo, unarudisha kidogo, halafu ghafla inakuwa mmoja. Nililia, kweli.

Akina dada, msiogope. Kuna ukumbi niliofika na mabegi yangu ya santuri, mtu wa mlangoni akaniuliza kama nimemletea DJ vitu vyake. Nikaingia, nikapiga saa nne mfululizo. DJ Rachael wa Kampala yuko kwenye kazi hii tangu miaka ya 1990, kwa hiyo njia ipo.

Mgeni:
Nimesoma yote. Naanzia wapi? Na masikio?

Mleta mada, Berlin:
Karibu sana. Anza na Robert Hood, naye ni wa Detroit. Vitu vichache, kila kimoja mahali pake. Kisha rudi kwa Atkins. Masikio ni ya kulinda, nunua vizibo vya masikio, maduka mengi ya dawa huku wanavyo. Na ukija Berlin, klabu nyingi hubandika stika kwenye kamera ya simu mlangoni. Usiibandue. Utaona watu wanavyocheza wasipopigwa picha.

Dada wa Nairobi, rekodi ya zile saa nne ipo? Iweke hapa.