Mrejesho: ule ukungu mweupe kwenye vyungu vyangu

Jamani, mwezi uliopita niliuliza kuhusu utando mweupe kama pamba uliofunika udongo wa maua yangu ya sebuleni hapa Kampala. Nimerudi.

Aliyesema "unayazamisha hayo maua" alipatia. Nilikuwa namwagilia kila asubuhi, tena katikati ya mvua za Aprili, madirisha yamefungwa. Na kumbe chungu cha plastiki cha mshubiri hakikuwa na tundu hata moja! Maji yalituama humo yakanuka kama kinamasi.

Nilikwangua udongo wa juu, kama sentimita 3, nikautupa, nikatoboa chungu kwa msumari wa moto, vyote nikavihamishia barazani penye mwanga. Makapi ya kahawa niliyotandaza juu nimeyaondoa pia, maana kuvu hula mabaki ya mimea kama hayo. Sasa nadumbukiza kidole kwanza. Ndani kukiwa kukavu ndipo namwagia. Mdalasini nilinyunyiza chungu kimoja tu. Sikuona tofauti, ila sebule ilinukia chai.

Wiki ya tatu hii, vyungu viwili ni safi. Mshubiri mizizi ilikuwa imeshaoza; nimeokoa machipukizi mawili.